Kulinganisha vinasaba vya kimeta hakukupi wa kumshtaki

Tangu wafugaji wasikie kwamba maabara inaweza kutambua ukoo wa bakteria kwa vinasaba, sisi wa maabara tunaletewa maombi yasiyo yetu. Mfugaji wa Ruai, Nairobi, amefiwa na ng'ombe, jirani naye alifiwa mwezi uliopita, sasa anataka tulinganishe kimeta (anthrax) cha huku na cha kule ili ajue nani amlipe. Tunaelewa uchungu wa hasara. Kipimo hiki hakina jibu hilo.

Bakteria wa kimeta hubadilika polepole mno. Akiwa udongoni katika hali ya spora, yaani amejifunga ndani ya gamba gumu, hazaliani, hivyo miaka mingi hupita bila jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, vyenye herufi milioni 5 na ushei, kubadilika. Koo kubwa zinazojulikana duniani ni 3 tu, A, B na C, na A ndiyo iliyosambaa zaidi. Kwa hiyo sampuli mbili zikifanana, tunajua asili yao ni moja, basi. Hatujui kama spora zilitoka kwa jirani, zilikuja na nyasi zilizokatwa kando ya mto, au zilikuwa zizini kwako kabla hujanunua ploti. Zikitofautiana ndipo tunapata la maana: vyanzo ni viwili, na chanjo ielekezwe sehemu zote mbili.

Lalamiko jingine, na hili linachosha, ni kwamba chanjo ndiyo iliyoua ng'ombe. Hapa vinasaba vinajibu waziwazi. Bakteria wa chanjo ya kimeta ni wa aina ya Sterne, iliyotengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930. Amepoteza plasmidi (kipande kidogo cha vinasaba kilicho kando ya jenomu kuu) iitwayo pXO2, ile inayompa bakteria utando wa kujikinga dhidi ya mwili wa mnyama. Kimeta kinachoua huwa na plasmidi mbili, pXO1 na pXO2. Tukizikuta zote mbili katika damu ya mzoga, huyo si bakteria wa chanjo, hata kama mnyama alichanjwa juzi. Tena chanjo hii ni hai: ukimdunga ng'ombe antibiotiki siku hizohizo, umeiua chanjo, halafu lawama zinamwendea daktari.

Sasa utaratibu. Mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, mzoga usipasuliwe. Bakteria aliye ndani ya mzoga hugeuka spora akipata hewa. Anayepasua ndiye anayepanda kimeta shambani mwake. Mwite afisa wa mifugo wa wadi. Yeye ndiye atakayechukua damu kidogo kwa pamba kwenye mshipa wa sikio, aitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, chupa ndani ya chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, na vyote ndani ya sanduku gumu. Lebo iandikwe tarehe, aina ya mnyama, mahali, na kama alipewa dawa yoyote kabla ya kufa. Sampuli iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, iliyoletwa na matatu, ni hatari kwa abiria wote.

Sheria ya Kenya ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama kutoa taarifa na kumtenga anayeshukiwa kuugua. Karantini ikitangazwa, kuhamisha mifugo bila kibali ni kosa la kushtakiwa. Kuuza nyama isiyokaguliwa ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, na hoja kwamba "iliiva vizuri" haikuondolei kosa: spora hustahimili mapishi ya kawaida.

Jibu la kama ni kimeta au la humfikia afisa aliyeleta sampuli, naye hukujulisha. Kazi ya kutambua ukoo wa bakteria hufuata baadaye, kwa sampuli zilizothibitishwa pekee, na hutumika kupanga chanjo. Hakuna cheti chake cha kupeleka kwa wakili.