Simba wa 2019 hakuwa simba

Hapa Lubumbashi, kila mara mazungumzo yakifika kwenye katuni za zamani, kuna mtu atakayesema: «Filamu ya Le Roi Lion (The Lion King) ya 2019, walitumia wanyama wa kweli, waliofundishwa.» Nimeyasikia hayo kwa miaka, hata kwa watu wazima wenye akili zao.

Si kweli. Hakuna simba aliyesimama mbele ya kamera. Filamu ya 1994 ilichorwa kwa mkono; ya 2019 ilitengenezwa kwa kompyuta, wanyama na majani yao yote. Mwongozaji, Jon Favreau, alisema ni picha moja tu iliyopigwa porini: lile jua linalochomoza mwanzoni. Mafundi walikwenda kwanza Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya) kutazama mbuga na mwanga wake. Kisha, Los Angeles, walivaa miwani ya kompyuta, wakatembea ndani ya pori lisilokuwepo na kuchagua pa kuweka kamera.

Kwa hiyo hata ile ya 2019 ni katuni, ila imevaa ngozi ya simba. Na hapo ndipo wapenzi wa ile ya zamani wana haki ya kulalamika. Simba aliyechorwa hukunja nyusi, hucheka, hulia hadi mtoto aelewe bila maneno. Huyu mpya anafanana mno na simba wa porini, na simba wa porini hana uso wa kulia. Mufasa, simba mfalme wa hadithi hii, anapokufa, mwanawe anabaki karibu na sura ileile.

Mimi bado naitazama ya 1994. Manyoya ya ile nyingine, lakini, ni kazi ya ajabu.