Kaza fundo, usikaze ngozi

Jamani, hii ya "mshono mzuri ni ule uliokaza" imenichosha. Kila kundi likija kwenye mazoezi ya kushona vidonda lazima kuna mmoja atavuta uzi mpaka padi, ile sponji tunayoshonea badala ya ngozi, ijikunje, halafu ananionyesha kwa furaha na wenzake wanamwona bingwa. Hapana. Kata, rudia.

Fundo na mshono ni vitu viwili. Fundo ni uzi kubana uzi, hilo likaze kweli kweli. Mshono ni uzi kuzunguka nyama, na kazi yake ni kukutanisha kingo za kidonda ziguse tu, basi. Ukizibana unazuia damu isifike pale pale unapotaka papone, na kidonda kitavimba siku ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mshono uliokaza leo kesho unazama kwenye ngozi, unaikata, mgonjwa anabaki na kovu lenye mistari kama ngazi.

Sindano iingie wima, digrii 90, zungusha kiganja ufuate mkunjo wake. Hilo mnalishika haraka.

Kinachowashinda ni mkono wa kuvuta. Mzunguko wa kwanza wa fundo ulaze bapa, vuta taratibu mpaka kingo zigusane, acha. Wa pili unakuja kinyume, mikono inabadilishana, hapo ndio unakaza, tena unavuta pande mbili usawa wa ngozi, sio kwenda juu. Usipobadilisha mikono fundo litateleza hata uvute vipi. Uzi wa hariri mizunguko 3 inatosha kwa kawaida, wa nailoni unateleza, weka 4 au 5. Mpangilio ndio unashikilia, sio misuli. Jaribu kufunga kwenye mpini wa kikombe chepesi cha plastiki, kikiinuka tu ujue umevuta vibaya.

Wasiwasi wangu ni kwamba sponji haivimbi wala haigeuki nyeupe damu ikikatika, kwa hiyo mtu anaweza kukosea miezi na padi isimwambie kitu. Hata ukifanyia mazoezi mguu wa nguruwe, ngozi ni nzuri lakini damu haipiti. Ndio maana alama za mazoezini peke yake siziamini, lazima nikuone na kwenye kidonda chenyewe, nimesimama pembeni.

Na mkono haulainiki kwa siku moja. Utafiti wa Toronto wa 2006 ulifundisha madaktari kuunga mishipa midogo ya damu, wengine vipindi vyote siku moja, wengine kimoja kila wiki, na mwezi mmoja baadaye wale wa kila wiki walikuwa bora. Kwa hiyo mnaoniomba Jumamosi moja nzima tumalize kushona, jibu ni hapana, njooni saa moja kila wiki.