"Presha Iko Sawa" Haitoshi

Wiki hii nimeambiwa tena, tunakabidhiana zamu wodi ya wazazi: "Huyo usihangaike naye, presha yake iko sawa." Mama amejifungua saa moja iliyopita. Mapigo 118, midomo imepauka, anaomba maji kila baada ya dakika chache. Presha 110 kwa 70. Ni kweli, ukiitazama namba hiyo peke yake haina kasoro. Nani alisema tuitazame peke yake?

Mjamzito hufika siku ya kujifungua akiwa na damu nyingi mwilini, karibu nusu zaidi ya aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Akianza kuipoteza, mishipa inajibana na moyo unakwenda mbio ili ubongo usikose. Minya mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani uone: maji yanaruka mbali vilevile huku tanki linaelekea kukauka. Presha tunayoisifia ndiyo hiyo. Kwa mama kijana mwenye afya, mpaka ishuke mara nyingi ameshapoteza zaidi ya lita moja, na hapo ndipo watu wanaanza kukimbia kutafuta damu.

Kwa hiyo gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. 118 kwa 110 inazidi 1. Ikivuka 0.9 sisogei kitanda kingine.

Halafu kuna hili la kukadiria damu kwa macho, ambalo kusema kweli linanikera kuliko yote. Kwenye faili imeandikwa "damu kiasi". Kiasi gani? Kanga nyeusi au nyekundu inameza damu na huoni kitu mpaka uikamue. Nyingine inateleza juu ya godoro la mpira na kutuama chini ya mgongo, usipomgeuza mama huioni. Nyingine imeganda ndani ya kizazi, nje pedi ni safi kabisa, lakini ukiweka mkono tumboni unakuta kizazi kimelegea na kimepanda juu ya kitovu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walitandika chini ya mama plastiki yenye mistari ya kupimia damu, na ilipofika kiwango cha hatari walifanya yote kwa mkupuo: kukanda kizazi, oksitosini ya kukaza kizazi, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kumkagua kutafuta chanzo. Hawakusubiri moja lishindwe ndipo waanze jingine. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60, na hakukuwa na dawa hata moja mpya humo.

Kuhusu nani aanze kuangaliwa: sianzi na kitanda namba moja eti kwa sababu kiko karibu na mlango. Naanza na waliojifungua ndani ya saa mbili, wenye mapacha, waliokaa na uchungu muda mrefu. Ndugu wanaogonga dirisha watanisamehe. Anayelia kwa mshono atasubiri kidogo, lakini si sana, kwa sababu maumivu makali kuliko mshono wenyewe yanaweza kuwa damu inayojikusanya ndani.

Sasa niseme na yanayonisumbua. Mapigo hupanda kwa maumivu, woga, homa, upungufu wa damu wa tangu kliniki. Wapo wanaokaa na 105 usiku kucha na asubuhi wanakwenda nyumbani salama. Na mama aliyekuwa na presha 160 kwa 110 jana, leo ana 120 kwa 80 na mapigo 100: dawa zimefanya kazi, au anatoka damu? Hapo hata kugawanya kunanipa 0.83 na kunidanganya.

Mgonjwa wa namna hiyo namwekea mkono kwenye kizazi, nafunua kanga, namgeuza, napima tena baada ya dakika 15 na kuandika namba zote mbili na saa. Mapigo yakizidi kupanda nampigia daktari wa zamu. Naanza kumtajia mapigo na damu, presha naiweka mwisho, maana nikitanguliza "110 kwa 70" ataniambia niendelee kumwangalia.