Kitu kikiungua hakipotei

Wengi wamekua wakiamini kwamba moto humaliza kitu: mshumaa umeungua, basi nta imekwisha. Sivyo. Kuungua ni mmenyuko wa kikemikali. Atomi (chembe ndogo mno zinazounda kila kitu) za nta na za oksijeni ya hewani huachana, kisha huungana upya na kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Shikilia glasi baridi na kavu juu kidogo ya mwali, uone inavyoingia ukungu ndani. Hayo ni maji yaliyozaliwa motoni, jambo la kustaajabisha kweli. Hakuna atomi hata moja iliyopotea. Tena vitu vingine huongezeka uzito: gramu 24 za metali iitwayo magnesiamu zikiungua zote huchukua gramu 16 za oksijeni, na unga mweupe unaobaki huwa gramu 40.