Valvu Mbili Mbovu: Moja Huificha Nyingine

Ripoti ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ikisema mitrali, valvu inayoingiza damu chemba ya chini kushoto, imebana kwa wastani na aota, valvu inayoitoa kwenda mwilini, imebana kwa wastani, msomaji mwenye haraka huona "wastani" mara mbili, anampa mgonjwa tarehe ya mwaka ujao. Mimi siafiki. Ubovu wa wastani wa valvu mbili unaweza kumfanya mtu ahemewe sawasawa na yule mwenye valvu moja iliyoharibika kabisa. Ukiona dalili ni kubwa kuliko vipimo, amini dalili kwanza, kisha rudi kwenye vipimo.

Kwa wagonjwa wetu wa Kanda ya Kati chanzo kikuu ni homa ya rumatiki, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni. Hushambulia mitrali kuliko zote, aota hufuata. Trikaspidi, valvu ya upande wa kulia wa moyo, mara nyingi huvuja baadaye, baada ya presha ya mapafu kupanda na chemba ya kulia kutanuka.

Tatizo ni kwamba valvu hizi hudanganyana. Mitrali iliyobana hupitisha damu kidogo, kwa hiyo hata aota iliyobana vibaya haionyeshi tofauti kubwa ya presha. Tumezoea kusubiri tofauti hiyo, ikipigiwa hesabu ya wastani, ifike 40 mmHg ndipo tuite kubana huko kukali. Hapa unaweza kupata 25 huku tundu likiwa chini ya sentimita 1 ya mraba. Kuvuja kwa aota nako huharibu hesabu ya mitrali. Ile kanuni ya kupata ukubwa wa tundu la mitrali kwa kugawa 220 kwa muda wa tofauti ya presha ya pande mbili za valvu kushuka hadi nusu inadhani chemba ya kushoto inajazwa na mitrali peke yake. Aota ikirudisha damu, presha ya chemba hupanda upesi, muda unafupika, na tundu linaonekana pana kuliko lilivyo. Chora tundu lenyewe la mitrali kwenye picha ya eko, kwenye ncha za vipande vya valvu vinavyofunguka, na linganisha na eneo la tundu la aota kabla ya kuandika neno "kali" au "wastani".

Kosa linaloumiza zaidi ni kutibu moja na kuisahau ya pili. Ukifungua mitrali kwa puto linaloingizwa kwa mrija kupitia mshipa wakati aota imebana sana, damu nyingi huingia ghafla kwenye chemba ngumu isiyoweza kuitoa, na mapafu hujaa maji. Puto halifai pia kama mitrali inavuja kwa wastani au zaidi, au kuna damu iliyoganda chemba ya juu kushoto. Kwenye upasuaji wa mitrali, pete ya trikaspidi ikifika upana wa milimita 40 ikazwe siku hiyohiyo hata kama inavuja kidogo. Upasuaji wa valvu mbili ni mrefu na hatari yake ni kubwa kuliko wa moja, lakini kumrudisha mtu mezani kwa trikaspidi peke yake, ini na figo zikiwa zimeshachoka, ni kubaya zaidi.

Kabla ya rufaa kwenda Benjamin Mkapa hapa Dodoma au Taasisi ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, muulize mgonjwa anaishi umbali gani na maabara inayopima INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda. Swali hili linaamua mengi. Valvu ya chuma hudumu lakini inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote; ya tishu huchakaa upesi kwa kijana. Msichana anayetarajia kuzaa aelezwe mapema kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito.

Akiwekewa za chuma pande zote mbili, INR hufuata mitrali: 2.5 hadi 3.5. Wengi huulizia dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zisizohitaji kupima INR. Kwa valvu ya chuma hazifai. Hata kwa mitrali ya rumatiki iliyobana pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha vifo vichache kwa waliotumia dawa za jamii ya warfarini kuliko rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya.

Halafu kuna mlenda. Usimkataze Mgogo mlenda, hatakusikia, na hakuna haja. Majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Kinachovuruga INR ni kula kwa wingi mvua zikinyesha, kisha kuacha ghafla kiangazi. Mwambie ale kiasi kilekile kila wiki, na mboga ikibadilika apime mapema badala ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Sindano ya penisilini ya benzathini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, yuniti milioni 1.2 kwa mtu mzima kila wiki 3 hadi 4, haisimami kwa sababu amefanyiwa upasuaji. Valvu zilizobaki bado ni zake.