The Princess Diaries 2: Royal Engagement: yanayosemwa na yaliyo kweli

Filamu hii ilitoka Agosti 2004, mwongozaji akiwa Garry Marshall, ikiwa ni muendelezo wa ile ya 2001. Wengi wanaoijua kwa kusikia huihesabu kuwa hadithi nyingine ya harusi ya kifalme. Wengine huchanganya riwaya, filamu na sheria za falme zilizopo duniani, kisha wakabishana wakidhani wanazungumzia kitu kimoja.

Dhana: Mwishoni Mia anaolewa.

Haolewi. Mia Thermopolis (Anne Hathaway) ametimiza miaka 21 na amekwenda Genovia, nchi ya kubuni ya Ulaya, kumrithi bibi yake, Malkia Clarisse (Julie Andrews). Mbunge mmoja wa ukoo bora, Viscount Mabrey, anaibua sheria ya zamani inayomkataza mwanamke asiye na mume kutawala. Mia anapewa siku 30 apate mume, la sivyo kiti kitamwendea Nicholas, mpwa wa Mabrey. Anachumbiwa na Andrew Jacoby, kijana muungwana, ila hakuna mapenzi kati yao, na moyo wake unamvuta kwa huyo huyo Nicholas.

Siku ya harusi, kanisa likiwa limejaa wabunge, Mia anakataa kufunga ndoa na kuwauliza kama wangekubali binti zao au dada zao walazimishwe hivyo. Nicholas anakikana kiti cha enzi, na sheria inafutwa papo hapo. Ndoa inayofungwa siku ile ni ya Clarisse na Joe, mkuu wa ulinzi wake. Mia anavikwa taji akiwa hana mume. Anayeisimulia filamu hii akaishia kwenye gauni la bibi harusi ameacha kiini chake, na ni kiini kinachofaa kuzungumzwa na watoto wa kike na wa kiume baada ya kuitazama.

Dhana: Ni kitabu kilekile cha mwandishi Meg Cabot.

Filamu ya kwanza ilitokana na riwaya yake ya mwaka 2000, japo kwa mabadiliko makubwa: kitabuni baba yake Mia yu hai na Mia anaishi New York, kwenye filamu baba amefariki na nyumbani ni San Francisco. Filamu ya pili haikufuata riwaya yoyote. Mswada wake uliandikwa na Shonda Rhimes, kabla ya tamthilia yake Grey's Anatomy kuanza kurushwa mwaka 2005. Hata ramani hazilingani. Cabot aliiweka Genovia kati ya Ufaransa na Italia, filamu zikaihamishia kati ya Ufaransa na Hispania. Nchi ndogo ya kweli iliyo hapo ni Andorra, na hiyo haina malkia wala binti mfalme: wakuu wake wa nchi ni wawili, Rais wa Ufaransa na Askofu wa Urgell.

Dhana: Sheria ya "olewa kwanza" ilikuwa kawaida Ulaya.

Hapa ndipo watu wanapotea zaidi. Elizabeth I alitawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603 bila mume. Victoria alipokea ufalme mwaka 1837 akiwa na miaka 18, hajaolewa; ndoa yake na Albert ilikuja 1840. Kikwazo kikubwa cha wanawake kilikuwa kingine: kaka zao. Ufaransa iliwazuia kabisa kurithi, na Uingereza ilimtanguliza mtoto wa kiume hata kama ni kitinda mimba.

Kufuta utaratibu wa aina hiyo si kazi ya asubuhi moja kanisani. Uingereza ilianza kwa makubaliano ya nchi 16 zilizokuwa chini ya Malkia mmoja, Elizabeth II, huko Perth, Australia, Oktoba 2011. Ikafuata sheria ya bunge mwaka 2013, kisha kusubiri nchi nyingine zikamilishe taratibu zao, hadi ilipoanza kutumika tarehe 26 Machi 2015. Inawahusu waliozaliwa baada ya 28 Oktoba 2011 tu. Ndiyo sababu Charlotte, binti wa Mwanamfalme William, aliyezaliwa 2015, hakupitwa na mdogo wake Louis wa 2018. Sweden ilitangulia, Januari 1980, na mtoto Carl Philip akampisha dada yake Victoria akiwa bado hajafikisha mwaka.

Dhana: Bila taji hujawa malkia.

Kenya inalijua jibu. Februari 1952 Elizabeth II alikuwa eneo la Nyeri, baba yake alipofariki Sandringham, Uingereza, na tangu hapo akawa malkia. Taji alivikwa Juni 1953. Genovia ina utaratibu wake, ukiwemo mshale wa moto unaopitishwa ndani ya pete, lakini huo umebuniwa.

Dhana: Wanawake wa kifalme lazima wapande farasi miguu ikiwa upande mmoja.

Mia hawezi, kwa hiyo anatumia mguu bandia wa mbao kuwadanganya watazamaji, hadi Mabrey anapomtisha farasi kwa nyoka wa mpira. Kihalisi, Elizabeth II alikaa hivyo kwenye gwaride la kila mwaka hadi 1986. Kwenye matembezi yake alipanda kwa kutanua miguu kama wengine.

Tandiko la aina hiyo lina pembe mbili upande wa kushoto. Paja la kulia hupita juu ya pembe ya juu. Ya chini hujipinda juu ya paja la kushoto, na mguu wa kushoto hukaa kwenye kikuku cha kukanyagia. Kulia hakuna mguu wa kumwelekeza farasi, kwa hiyo mpandaji hutumia fimbo ndefu. Kosa la kawaida ni kuegemea kushoto kufuata uzito wa miguu: tandiko huteleza na mgongo wa farasi huchubuka. Dawa ni kukalia paja la kulia na kusawazisha mabega. Farasi akishtuka, unabana pembe kwa mapaja yote mawili.

Dhana: Julie Andrews hakuimba tena baada ya upasuaji wa koo wa 1997.

Anaimba humu, kwenye usiku wa mabinti wa kifalme, pamoja na mwimbaji Raven-Symoné. Wimbo ulitungwa kwa sauti ya chini yenye upana mdogo wa noti, ili koo lake liumudu.