4,294,967,297, namba iliyomuumbua Fermat

Watu wa kompyuta mnaijua jirani yake, 4,294,967,296, yaani 2^32, ndo idadi ya anwani zote za IPv4, mfumo wa kuvipa vifaa anwani kwenye intaneti. Ongeza moja tu, ukiiweka kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 na 1) haitoshi, inageuka kuwa 1, ila kwetu sisi wa hisabati hapo ndo utamu unapoanza.

Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyekuwa anafanya hesabu kama hobi, mwaka 1640 alikuwa anachezea namba za aina hii: unachukua 2, unaipa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila mara unaongeza moja. Zinatoka 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Basi jamaa akaamini kwamba zinazofuata nazo zitakuwa tasa milele, uthibitisho hana lakini uhakika anao! Inayofuata ndo hii yetu, na 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Wengi wanadhani Euler alikaa anagawa kwa 3, kwa 7, kwa 11 mpaka akachoka. Wala. Yeye mwenyewe alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, halafu 1878 mwanahisabati Mfaransa Lucas akabana zaidi, ikawa 128. Kwa hiyo unaangalia 129, 257, 385, 513, 641 basi. 129, 385 na 513 si tasa, tupa. 257 nayo tupa, manake zidisha zile tano za Fermat zote, 3×5×17×257×65,537, unapata 4,294,967,295, pungufu ya yetu kwa 2 tu, so ukigawa yetu kwa yoyote kati ya hizo lazima ibaki 2. Imebaki 641, na ndo yenyewe, jaribio la kwanza kabisa!

Kinachonichekesha ni kwamba sheria hiyo ya mabaki chimbuko lake ni teoremu ndogo ya Fermat huyohuyo (p ikiwa tasa, a^p ukiigawa kwa p inabaki sawasawa na a), aliyoiandika kwenye barua mwaka uleule wa 1640. Silaha alikuwa nayo, hakuitumia.

Na kuna njia ambayo hata kugawa hugawi, mi naipenda kuliko zote. 641 ni 5×2^7 + 1, na pia ni 5^4 + 2^4 (625 na 16, jumlisha mwenyewe). Sasa fikiria mabaki tu, kila 641 ihesabu kama sifuri. Ya kwanza inasema 5×2^7 ni sawa na -1, ipe kipeo cha 4 unapata 5^4 × 2^28 sawa na 1. Ya pili inasema 5^4 ni sawa na -2^4. Pachika hiyo ndani ya ile: -2^32 sawa na 1, yaani 2^32 + 1 ni sifuri. Imeisha.

Kuanzia hii kwenda juu hajapatikana tasa hata mmoja, na ishajulikana kuwa zote mpaka 2^(2^32) + 1 si tasa. Mimi naweka dau hatapatikana mwingine.